Chesisi Haikuwa na Kosa



Wasomaji wetu watukufu, sisi tunaoandika maneno haya ni mume na mke, wakazi wa Jomvu, na nyumbani mwetu mna watoto wawili pamoja na babu yao mzaa baba. Tulisitasita kwa muda kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa habari yenyewe yaanza na mchezo wa watoto na yaishia mahali ambapo hatukupatazamia. Mzee mwenyewe ndiye aliyetuamuru tuandike. Alisema, "Andikeni. Huenda ikamfaa mwengine ambaye bado ana ufunguo mfukoni." Basi twaandika kwa idhini yake.

Mzee wetu aliendesha malori kwa miaka 31. Alipakia shehena bandarini Kilindini, akapita Mariakani, Voi na Mtito Andei, akafika Nairobi, na mara nyengine akaendelea hadi Malaba na kuvuka mpaka kwenda Kampala. Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu, akajipa kazi mbili: kuwabebea majirani mizigo yao midogo, na kuwapeleka wajukuu wake skuli asubuhi na madrasa alasiri. Kazi hii ya pili hakulipwa, wala hakutaka kulipwa. Nasi, ambao sote wawili huwa kazini tangu asubuhi, tuliipokea kwa shukrani na hatukuuliza mengi.

Siku moja ya likizo ya Aprili, masika yakinyesha na watoto wamefungika ndani, kijana wetu wa miaka 12 alikuja na ombi. Alikuwa ameona mjini, katika duka moja, lori la kuchezea linaloendeshwa kwa rimoti, lenye taa zinazowaka na magurudumu ya mpira. Bei yake ilizidi kodi yetu ya nyumba ya mwezi mzima. Tulimjibu kama wazazi wengi wajibuvyo: tutaona. Babu yake, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, akasema, "Hilo la dukani ni plastiki tupu. Sisi tutaunda letu, na litakuwa na chesisi ya kweli."

Binti yetu wa miaka 8 akauliza chesisi ni nini. "Ni mifupa ya gari," Babu akamjibu. "Injini ikifa hutiwa nyengine. Kichwa kikioza kwa kutu huundwa chengine. Lakini chesisi ikipinda, lori zima limepinda, na hakuna dereva awezaye kulinyoosha kwa usukani."

Kijana alikuwa amesoma kwamba waunda malori madogo wengi hutumia kipimo cha moja kwa 14, yaani kila sentimita 14 za lori la kweli huwa sentimita 1 ya lori dogo. Babu akakikubali kipimo hicho, akaanza kutoa vipimo vya lori lake la kwanza kutoka kichwani, kama mtu atajaye majina ya ndugu zake. Urefu wa chesisi ulikuwa mita 8.4, ukawa sentimita 60. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma zilikuwa mita 4.9; zikawa sentimita 35. Mihimili miwili ya ubavuni, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa lori, ilikuwa na sentimita 84 kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Zikawa sentimita 6. Kijana aligawanya, binti akaandika, nasi tukashangaa kumwona mtoto aliyekuwa akilizwa na hesabu za kugawanya akigawanya kwa hiari yake hadi wakati wa isha.

Jirani yetu, fundi wa madirisha, alitupa vipande vya alumini vilivyobaki kazini kwake, vyenye umbo la mfereji, kimo chake sentimita 2 na unene milimita 2. Siku mbili zilipita katika kukata kwa msumeno wa chuma na kulainisha kingo kwa tupa. Hapo Babu akawafundisha watoto kanuni ya kwanza ya kazi ile: mihimili yote miwili ibanwe pamoja katika jiliwa na itobolewe kwa mpigo mmoja, ili tundu la huku lilingane na tundu la kule. Na kabla ya kutoboa, sharti kila mahali pa tundu papigwe alama kwa msumari mgumu wenye ncha, kwani kekee hupenda kuteleza juu ya alumini, na tundu likishahama halirudi. Kazi ya kupiga alama aliwaachia watoto. Sisi tulidhani hayo ni malezi tu, kwamba ataka wajifunze.

Kila mara kijana alipotaka kuridhika na "karibu sawa", Babu alimkumbusha mizani ya Mariakani, ambapo malori hupimwa uzito kabla ya kuendelea na safari ya bara. "Pale hupimwi kwa uso wako," alimwambia. "Wapanda, namba yatoka. Uwe tajiri, uwe maskini, uwe mwenyeji au mgeni. Mizani haina jamaa." Neno hilo likawa methali ya nyumba yetu. Hata binti yetu, alipogawa maembe na kaka yake, alisema mizani haina jamaa, kisha akajichukulia kubwa.

Vipande vitano vya kukingama viliunganishwa na mihimili kwa bolti za milimita 3, na nati zake zilikuwa zile zenye pete ya plastiki ndani, ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Springi tulizikata kutoka kwenye kanda za chuma zinazofungiwa mizigo, tatu tatu, moja juu ya nyengine, ndefu juu ya fupi, kama zilivyo springi za lori la kweli. Ekseli ya nyuma pamoja na difu yake hatukuweza kuunda. Tuliagiza Nairobi, nayo ikaja kwa basi ikiwa imefungwa kwenye sanduku la viatu. Babu aliwaeleza watoto kazi ya difu kwa kutembea nao ukumbini wakiwa wameshikana mikono: wanapokata kona, aliye nje hupiga hatua ndefu kuliko aliye ndani, na magurudumu nayo ni hivyo hivyo, yasipopewa ruhusa ya kutofautiana, moja hulazimika kuburutwa.

Mota yetu ilitoka katika drili ya betri ya mjomba wa watoto, ambayo betri zake zilikuwa zimekwisha kufa lakini mota na giaboksi yake vilikuwa vizima. Giaboksi ya drili ni neema kwa kazi hii, kwa sababu hupunguza mbio za mota na kuongeza nguvu, na lori halihitaji mbio. Letu lilikwenda kwa mwendo wa mtu atembeaye pole pole. Babu alisema huo ndio mwendo wa lori lililopakia.

Katika umeme tulipata hasara moja. Kati ya betri na mota huwekwa kidhibiti mwendo, kifaa kidogo kinachopima umeme upitao kwa kadiri kidole kinavyobana rimotini. Tulinunua cha bei nafuu, nacho kilikuwa kidogo mno kwa mota ya drili. Siku ya kwanza ya majaribio lori lilikwama mchangani, magurudumu hayakuzunguka, na kifaa kikafuka moshi. Ndipo tulipojifunza kwamba mota hula umeme mwingi zaidi pale inapolazimishwa kusimama kuliko inapozunguka. Cha pili tulinunua kikubwa. Usukani nao huzungushwa na mota ndogo iitwayo sevo, na rimoti huwasiliana na lori kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, kwa njia mbili: moja ya mwendo na moja ya usukani.

Kuhusu betri, twawausia wazazi watakaojaribu kazi hii. Sisi tulichagua ya nikeli, seli 6 zilizofuatana, kila moja volti 1.2, jumla volti 7.2. Zile za lithiamu ni nyepesi na zina nguvu zaidi, lakini zataka adabu: kila seli isipite volti 4.2 inapojazwa, chaja iwe ya lithiamu hasa, betri iliyovimba isitumiwe tena, wala isiachwe ikijazwa watu wamelala. Nyumba yenye watoto isikimbilie nguvu kabla ya usalama.

Kazi hii yote ilichukua miezi minne ya jioni za Ijumaa na Jumamosi. Katika miezi hiyo kulikuwa na ugomvi mmoja nyumbani ambao tuliuona mdogo. Kila asubuhi kijana wetu aling'ang'ania kukaa mbele katika pikapu, upande wa kushoto wa Babu, akamkatalia dada yake hata siku moja tu. Tulimkemea kwa uchoyo. Tulimwambia kwamba mkubwa humpisha mdogo. Aliinamisha kichwa, akasema "Naam", na kesho yake akakaa palepale.

Lori lilikamilika katika likizo ya Agosti. Lilikuwa na kichwa cha bati kilichopakwa rangi ya buluu, bodi ya mbao, na magurudumu 6: mawili mbele, na nyuma mawili mawili kila upande. Baada ya swala ya alasiri tulitoka sote hadi uwanja ulio nyuma ya nyumba. Watoto waliweka tofali huku na ndoo kule ili iwe ni njia yenye kona. Heshima ya safari ya kwanza alipewa Babu, na ni nani mwengine angestahiki?

Lori likaondoka vizuri, likakata kona ya kwanza, kisha likaenda moja kwa moja likaligonga tofali lililokuwa kushoto. Tulicheka. Babu naye alicheka. Akalirudisha, likaigonga ndoo. Safari ya pili likaligonga tofali lilelile. Safari ya tatu likapanda juu ya kandambili za binti yetu, zilizokuwa kando kabisa ya njia, upande wa kushoto. Babu akaacha kucheka. "Lavuta kushoto," akasema. "Chesisi imepinda."

Kijana hakujibu kitu. Alilibeba lori kama mtu abebaye mgonjwa.

Usiku huo tulilifungua lote. Ipo njia ya zamani ya kujua kama chesisi ni mraba: hupimwa mishazari miwili, kutoka pembe ya mbele ya kulia hadi pembe ya nyuma ya kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikiwa sawa, mihimili imekaa sambamba na hakuna uliotangulia mwenzake. Tulipima. Milimita 603 huku, na 603 kule. Tukailaza chesisi juu ya kipande cha kioo cha dirisha ili tuone kama imejinyonga. Tulijaribu kupenyeza karatasi chini ya kila pembe, haikupenya popote. Tukalifunga upya.

Kesho yake Babu aliliendesha tena, nalo likagonga tena. Baadaye kijana aliliendesha likapita katikati ya vizuizi vyote kama uzi katika tundu la sindano. Binti naye aliliendesha, likapita. Babu aliwatazama, akasema, "Leo usiku tutapima tena."

Mmoja wetu, mkazamwana wake, alikuwa akianua nguo kambani na aliona jambo ambalo hakulielewa papo hapo. Lori lilipokuwa likienda mbali na Babu, liligonga kwa ubavu wake wa kushoto. Lilipokuwa likirudi kumwelekea, liligonga kwa ubavu wa kulia. Aliziweka nguo kikapuni, akaingia ndani, na jambo lile likamkaa moyoni. Chesisi iliyopinda kuelekea kushoto huvuta kushoto daima, liwe laenda au larudi. Haibadili upande. Kisichobadilika katika safari zile zote kilikuwa kimoja tu: kila kilichogongwa kilikuwa kushoto kwa Babu.

Tulipima mara ya pili, mbele yake, na vipimo vikatoka vilevile. Babu akasema labda rula imechakaa.

Usiku ule, mnamo saa sita, tulisikia sauti ya tupa. Tulimkuta kijana wetu jikoni, ameketi sakafuni chini ya taa, chesisi imefunguliwa mbele yake. Alikuwa akipanua kwa tupa matundu ya kipande cha kwanza cha kukingama, upande mmoja tu. Tulimwuliza afanya nini. Akatujibu, machozi yakimtoka, kwamba ataka ipinde.

Ilituchukua muda kumwelewa. Kazi ya miezi minne, aliyoipima kwa milimita, alikuwa akiiharibu kwa mikono yake mwenyewe, ili asubuhi ipimwe na ionekane kwamba Babu alisema kweli.

Hapo akatutolea yote. Tangu Januari, skuli zilipofunguliwa, alikuwa ameona kwamba Babu hawaoni watu wa kushoto. Siku moja karibu na kituo cha matatu nusura pikapu imguse mama mmoja aliyebeba karai. Kijana alipiga kelele, Babu akafunga breki. Tangu siku hiyo alikaa mbele kila asubuhi, akatazama kushoto, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu apigaye soga: "Babu, kuna baiskeli. Babu, kuna watoto." Hakumpisha dada yake kwa kuwa dada yake ni mdogo na hangejua la kutazama. Tulimwuliza mbona hakutuambia. Akasema, "Bibi alipoacha kutoka nje, alikufa. Niliogopa mkimkataza Babu kuendesha naye atakaa kitini tu."

Hatukulala usiku ule. Wasomaji wetu wajua kwamba katika nchi yetu magari hupita upande wa kushoto wa barabara. Basi kushoto kwa dereva ndiko waliko waendao kwa miguu, ndiko kwenye mikokoteni, na ndiko watoto washukiako. Tulitoka nje na tochi tukaitazama pikapu. Ubavu wa kulia ulikuwa na vumbi tu. Ubavu wa kushoto ulikuwa na mikwaruzo kutoka taa ya mbele hadi mlango wa nyuma, mingine ya zamani, mingine mipya. Tuliikumbuka yote. Kila mara Mzee alisema ni mikokoteni ya sokoni, nasi kila mara tulikubali.

Na hapa ndipo yatupasa kusema kweli kuhusu nafsi zetu. Mtoto alinyamaza kwa sababu ya mapenzi. Sisi tulinyamaza kwa sababu ya raha. Ishara zilikuwepo: mikwaruzo, kazi ya kupiga alama aliyowaachia watoto, vikombe vilivyoangushwa kila mara kutoka upande uleule wa meza. Lakini mtu asiyetaka kulipa nauli ya watoto wawili kila siku hupata wepesi wa kutokuona. Mzee alikuwa na udhuru, kwa kuwa macho yake yalimficha. Sisi macho yetu yalikuwa mazima. Mtoto wa miaka 12 alibeba peke yake, kwa miezi saba, amana iliyokuwa yetu sisi.

Je, mzazi aambiwaje? Mmoja wetu ni mwanawe wa kumzaa. Alifundishwa kuendesha gari na mikono ile ile. Mwengine ni mkwe, na mkwe ana mipaka yake ya maneno. Tulikubaliana mambo matatu. Hatutamwambia mbele ya wageni. Hatutamwambia kwa kumzunguka, kwa kuficha ufunguo au kumsingizia pikapu ubovu, kwani huko ni kumfanya mtoto. Na hatutamwambia maneno yetu. Tutamwomba apime mwenyewe.

Baada ya isha ya siku iliyofuata, mwanawe aliiweka chesisi tupu mapajani mwa Babu, pamoja na rula mpya. "Baba," akamwambia, "twakuomba upime wewe, kwa mkono wako." Mzee aliipapasa mihimili kwa vidole, pembe hadi pembe, polepole. Akaiweka rula. Akasema, "Mia sita na tatu." Akageuza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tena, "Mia sita na tatu."

Kisha mkazamwana wake, macho ameyainamisha, akamweleza alichokiona akianua nguo: likienda, kushoto kwa lori, likirudi, kulia kwa lori, na mara zote, Baba, kushoto kwako.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mzee akamgeukia mjukuu wake.

"Tangu lini?"

"Tangu Januari, Babu."

"Ulikuwa ukinitazamia kushoto."

"Naam."

"Kama taniboi."

"Kama taniboi, Babu."

Mzee alitia mkono katika mfuko wa kanzu yake, akautoa ufunguo wa pikapu, akauweka juu ya chesisi, baina ya ile mihimili miwili. "Nilijua kuna kitu," akasema. "Nilidhani ni vumbi la kioo, nikadhani ni uzee. Nikawa nageuza shingo zaidi." Kisha akasema, "Mizani haina jamaa." Akainuka, akaenda kutia udhu, ingawa isha alikuwa ameshaiswali.

Hospitalini waliyapima macho yake presha, kisha wakamketisha mbele ya mashine. Aliambiwa atazame nukta ya katikati, na abonyeze kitufe kila aonapo mwanga ukimeta pembeni. Alituambia kwa mzaha kwamba amepewa rimoti nyengine. Mimeto mingi ya upande wa kushoto ilipita asiione. Ugonjwa wake ni ule uitwao glaukoma, ambao wengi wetu huuita presha ya macho. Kwa kawaida hauumi. Huanza kula pembe za uoni, taratibu, na jicho moja humfichia mwenzake aibu, hata mgonjwa asijue amepoteza nini. Kilichokwisha kupotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Lakini kilichobaki chaweza kulindwa, na Mzee sasa hutiwa matone kila jioni bila kukosa. Binti yetu ndiye mshika chupa.

Tulielezwa pia kwamba ugonjwa huu hufuata damu. Aliye na mzazi au ndugu aliyepatwa nao ana hatari zaidi kuliko wengine, na inafaa apimwe hata kama aona vizuri, hasa akishapita miaka 40. Mwana wa Mzee alipimwa siku ileile. Alikutwa salama, alhamdulillah, naye ametakiwa kurudi kila mwaka. Ikiwa katika nyumba yenu yumo mzee aendeshaye gari, pikipiki au tuktuk, mwendeni naye mkapimwe pamoja. Mkienda pamoja haitakuwa ni kumshitaki.

Wiki za kwanza hazikuwa nyepesi. Watoto sasa huenda skuli kwa tuktuk, na gharama yake twaihisi kila mwisho wa mwezi, kama ilivyostahiki tangu zamani. Pikapu huendeshwa na mpwa wa Mzee, na Mzee hukaa kiti cha kushoto. Siku za mwanzo alikaa kimya. Kijana wetu alimchungulia kila aingiapo nyumbani, nasi tulijua anachokiogopa. Ijumaa ya nne, baada ya alasiri, Babu mwenyewe ndiye aliyeuliza kwa nini lori bado limefunguliwa.

Walilifunga pamoja. Yale matundu mawili yaliyopanuliwa kwa tupa yangeweza kubadilishiwa kipande kipya, alumini ilikuwapo. Babu alikataa. Alitia washa pana chini ya bolti, akakaza, akapima mishazari, ikatoka 603 na 603. Washa hizo zaonekana hadi leo kwa atakayelipindua lori.

Sasa hutoka kila Ijumaa jioni hadi uwanjani. Babu hushika rimoti, kijana husimama kushoto kwake, nusu hatua mbele, na dada yake hubadilisha mahali pa tofali ili mambo yasiwe rahisi. Babu huwaeleza kwamba hata alipokuwa kijana mwenye macho ya kipanga hakupata kurudisha lori nyuma bandarini bila taniboi, na dereva aliyekataa kuambiwa hakudumu barabarani.

"Kushoto?" huuliza.

"Kushoto salama, Babu."

"Twende."

Twamwomba Mola awahifadhie wazazi wenu macho yao, na nyinyi awape ulimi wa kuwaambia kweli kwa upole. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.